Mgonjwa Ametoka ICU, Familia Bado Iko Huko: Kidonda Ambacho Ukambani Hatukiongelei

Saa tisa usiku simu inalia. Namba hujaisevu. Kabla hujashika, moyo ushaanza kudunda kama spika ya nganya. Kumbe ni msee amekosea namba. Anasema pole, anakata, anarudi kulala. Wewe hulali tena mpaka kuche.

Miezi sita imepita tangu mzee atoke hospitali. Ama miezi sita tangu mumzike. Bili ililipwa, ama ililipwa nusu na shamba likabaki na deni. Grupu ya WhatsApp ya mchango ilifungwa na ujumbe wa "Mungu awabariki nyote". Kila mtu amerudi kwa hustle yake. Ni wewe tu ambaye bado ukisikia king'ora cha ambulensi Mombasa Road, mikono inatoa jasho.

Kama hiyo ni stori yako, soma hii polepole. Huo si uoga wa kitoto, si kamuti, na hakuna mtu amekulaani. Ni kitu kinachojulikana, kimepimwa, na kina jina. Shida ni kwamba kutoka Mtito Andei mpaka Tseikuru, karibu hakuna mtu ambaye kazi yake ni kukuuliza unaendeleaje.

Benchi la nje ya ICU

Chukulia hivi. Kwenu ni Wote ama Mwingi, lakini unaishi Pipeline na uko na kakazi. Jioni moja unapigiwa: mzee amegongwa na lori pale Emali. Hospitali ya karibu inampokea, inafunga damu, halafu inasema anahitaji ICU na kitanda kimepatikana Nairobi. Kwa vile wewe uko Nairobi, na kwa vile wewe ndio "ulisoma", unakuwa msemaji wa familia. Hakuna mtu alikupigia kura. Unajikuta tu.

Daktari akitoka anabonga na wewe. Kwa Kiingereza, dakika tano, akiwa anatembea. Wewe ndio unafaa kushika hayo maneno na kuyapeleka kwa mathe aliyekaa kwa benchi na leso yake. Sasa utamwambiaje mama yako, kwa Kikamba, kwamba bwanake amelazwa na dawa ya usingizi makusudi na kuna mashine inampumulia? Anakuuliza swali moja tu: "Ameamka?" Unasema bado. Kesho anauliza tena. Siku ya tisa unaanza kuogopa kumwangalia mamako machoni.

Kuanzia hapo uko na kazi nne kwa wakati mmoja. Wewe ni mfasiri, wewe ni mhasibu wa mchango, wewe ndio unapost kwa grupu "mgonjwa anaendelea vizuri" hata kama hujui, na wewe ndio unasaini fomu. Unaona mzee mara moja au mbili kwa siku, dakika chache, amevimba uso, mrija mdomoni, mashine ikilia. Unatoka nje unapata missed call kumi na mbili.

Watu wakikumbuka hiyo vita baadaye, wanaongea juu ya mgonjwa. Mgonjwa mwenyewe mara nyingi hakumbuki mengi, alikuwa amelazwa usingizi. Aliyekuwa macho muda wote ni wewe.

Hiki kitu kinaitwa nini?

Madaktari wanakiita PTSD, kiwewe kinachobaki baada ya hatari kupita. Jina hilo liliingia rasmi kwa vitabu vya madaktari wa akili Marekani mwaka 1980, wakati stori kubwa ilikuwa wanajeshi waliorudi kutoka vita vya Vietnam. Ndio maana wengi wetu tunadhani ni ugonjwa wa wanajeshi.

Lakini ukiangalia dalili zake, utajijua. Kitu kinarudi bila kukuomba ruhusa: ndoto, picha, harufu ya ile dawa ya kunawa mikono. Unakwepa chochote kinachokukumbusha, mpaka matatu ya kupitia karibu na hospitali hupandi. Unakuwa mwepesi wa kushtuka na kukasirika, usingizi unakatika. Na hata mambo mazuri hayakufurahishi, unajilaumu kwa kitu ambacho hukuwa na uwezo juu yake. Wiki za kwanza, mengi ya hayo ni kawaida kwa mtu aliyeona mambo mazito. Yakizidi mwezi mmoja na yanakuzuia kuishi, kufanya kazi au kupendana na watu wako, hapo si "mawazo mengi" tena.

Mwaka 2010, chama cha wataalamu wa wagonjwa mahututi kule Marekani, Society of Critical Care Medicine, kiliitisha mkutano kuangalia kinachowapata watu baada ya ICU. Walikubaliana kwamba madhara hayaishi kwa mgonjwa. Yanaingia nyumbani. Wakapatia ya mgonjwa jina PICS, na ya familia PICS-F.

Miaka mitano kabla ya hapo, Wafaransa walikuwa wameshahesabu. Waliwafuata ndugu 284 wa wagonjwa kutoka ICU 21, siku 90 baada ya yote. Karibu mmoja kati ya watatu alikuwa na dalili nzito za kiwewe. Kwa waliohisi hawakuelezwa mambo kikamilifu, ilikaribia nusu. Na kwa wale walioshiriki kuamua kuhusu mwisho wa maisha ya mtu wao, ilikuwa zaidi ya wanane kati ya kumi.

Hiyo ni Ufaransa. Kule familia haiuzi ng'ombe ndio mashine iendelee kupumua.

Ukambani, kitanda chenyewe ni safari

Sasa turudi kwetu. Makueni iko juu ya barabara ya Nairobi–Mombasa: Salama, Sultan Hamud, Emali, Makindu, Kibwezi, Mtito Andei. Hayo majina unayajua kutoka kwa ramani, lakini pia unayajua kutoka kwa habari za ajali. Kitui nayo ni karibu kilomita za mraba 30,000, kubwa kuliko nchi nzima ya Rwanda. Mtu wa Tseikuru ama Ikutha akiwa mahututi, kabla hata ya kuongelea mashine, ongelea barabara.

Corona ilipoingia Kenya, Machi 2020, watafiti walihesabu vitanda vya ICU nchi nzima wakapata 537, na mashine za kupumulia 256. Kaunti zenye angalau ICU moja zilikuwa 22 kati ya 47. Corona ililazimisha kaunti nyingi kujenga na kununua vifaa, na hiyo ni hatua. Lakini mashine bila muuguzi wa ICU ni fanicha, na kwa familia nyingi za ocha safari ya kutafuta kitanda bado inaishia Nairobi.

Na hiyo safari yenyewe inaumiza. Oktoba 2015, Kenya nzima ilishtuka kusikia mwanamume aliyegongwa na gari Kangemi alikaa saa 18 ndani ya ambulensi Nairobi, akizungushwa kutafuta kitanda cha ICU. Alifariki. Katiba, kifungu cha 43(2), inasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Tulijadili sana vitanda. Hatukuuliza hizo saa 18 zilifanya nini kwa watu waliokuwa wakimngoja.

Tuwe wakweli pia: kwa upande wa bili, hizi kaunti mbili zilijaribu mapema kuliko nyingi. Makueni ilianza MakueniCare mwaka 2016 chini ya Gavana Kivutha Kibwana, familia ikilipa shilingi 500 kwa mwaka na kutibiwa hospitali za kaunti. Kitui chini ya Charity Ngilu ikaleta K-CHIC mwaka 2018, shilingi 1,000 kwa familia. Halafu Oktoba 2024 nchi ikahamia SHA, mwenye mshahara anakatwa asilimia 2.75, na hustler analipa angalau shilingi 300 kwa mwezi.

Zote hizo kadi zinamfuata mgonjwa. Yeye ako na faili, namba na daktari. Mtu wa benchi hana faili. Hata kama amekaa hapo wiki tatu, kwa hospitali yeye ni mgeni wa kuona mgonjwa.

"Nani alisaini?"

Hapa ndio panauma zaidi, na hapa ndio mambo yetu yanatofautiana na ya Ufaransa.

Kwetu, uamuzi wa daktari na uamuzi wa doh vinakuja kwa bahasha moja. Familia inaitwa: hali haijabadilika, na kila siku bili inapanda. Mkutano unakaliwa ocha, chini ya mwembe. Kuna anayesema tuuze kipande kile cha mtoni. Kuna anayesema mzee mwenyewe asingetaka shamba liende. Kuna anayenyamaza, na huyo utamsikia baadaye. Mwisho wa siku simu inapigwa Nairobi, unaambiwa, "Wewe uko hapo, amua vile utaona."

Mzee akiondoka, swali linakuja matangani: nani alisaini? Mzee akirudi lakini hatembei vizuri na hasira zimebadilika, swali linakuja vilevile: mbona mlimpeleka huko? Na kama kulikuwa na kesi ya shamba, kuna mjomba lazima ataleta stori ya kamuti. Sasa familia iliyokuwa pamoja kwa benchi inaanza kuogopana mezani.

Wewe uliyesaini hubongi. Mwanaume unaambiwa kaza, msichana unaambiwa mathe anakuangalia. Wengine wanaingilia kinywaji, wengine kazi mpaka usiku, wengine wanaacha kwenda ocha kabisa na kusingizia nauli. Ndugu wanasema "tangu aishi Nairobi amekuwa na madharau". Kumbe hawezi kulala kwenye ile nyumba.

Halafu angalia vile tunapima msiba. Desemba 4, 2021, basi lililobeba wanakwaya wa Kikatoliki kutoka Mwingi wakielekea harusini lilisombwa na mto Enziu. Zaidi ya watu 30 walikufa. Wapiga mbizi wa jeshi la majini walikuja, magavana na mawaziri walikuja, nchi nzima ililia. Ilikuwa sawa kabisa. Mkasa mkubwa kama huo unafanya watu waelewe bila kuelezwa kwamba waliobaki watahitaji kushikwa mkono. Lakini mgonjwa wa ICU anaumiza familia moja kwa wakati mmoja. Leo Kaiti, kesho Mutomo, kesho kutwa Kyuso. Hakuna kamera, kwa hivyo hakuna mshauri.

Dawa ya kwanza ni dakika

Unaweza kudhani suluhu ni bilioni. Cheki hii. Hao Wafaransa walirudi na jaribio lingine, likachapishwa mwaka 2007. Familia 126 za wagonjwa waliokuwa karibu kufa, ICU 22. Nusu walipata huduma ya kawaida. Nusu ingine waliketishwa kwenye kikao kilichopangwa: daktari anaeleza, anasikiliza, anatambua uchungu wao, anauliza mgonjwa alikuwa mtu wa aina gani, anajibu maswali. Mwishoni wakapewa kijitabu kuhusu kufiwa.

Kikao cha kawaida kilichukua kama dakika 20. Kile kilichopangwa, dakika 30. Lakini tofauti kubwa ilikuwa nani anaongea: familia ilipata dakika 14 za kuongea badala ya 5. Baada ya siku 90, waliokuwa na dalili za kiwewe walikuwa asilimia 45, ikilinganishwa na 69 kwa wale wengine.

Dakika kumi zaidi. Hiyo haihitaji tenda.

Kumbuka pia ile hesabu ya wanane kati ya kumi, usije ukaisoma vibaya. Haimaanishi familia ifichwe mambo ama iondolewe kwa uamuzi. Inaonyesha huo uamuzi ni mzito kiasi gani. Daktari akisema "sisi kama madaktari tunaona hivi, na tutabeba na nyinyi", mzigo ni mwingine kabisa kuliko "saini hapa".

Kuna njia ingine rahisi zaidi iliyoanzia nchi za Skandinavia: daftari kando ya kitanda. Muuguzi anaandika mstari, familia inaandika mstari, kila siku. Leo amefungua macho. Leo Mueni alikuja. Mgonjwa akiamka anasoma siku alizopoteza. Utafiti mwingine wa Ufaransa, wa mwaka 2012, ulipata kwamba hilo daftari lilipunguza kiwewe hata kwa ndugu. Daftari la supamaketi, buda.

Watu tunao tayari

Hapa ndio viongozi wa Wote na Kitui wanafaa kuwekwa kwa kiti cha moto, kwa sababu si kwamba tunaanza sufuri.

Makueni ni moja ya sehemu zilizofanyiwa kazi kubwa ya afya ya akili Kenya hii. Taasisi ya Profesa David Ndetei, Africa Mental Health Research and Training Foundation, ilifundisha wauguzi, maafisa wa kliniki na wahudumu wa afya ya jamii huko kutumia mwongozo wa WHO unaoitwa mhGAP, kutambua na kushughulikia shida za akili bila kungoja daktari bingwa. Ilienda mbele zaidi ikaketisha waganga wa kienyeji, wahubiri na watu wa hospitali kwa mazungumzo mamoja, kwa sababu ilijua mwananchi anaenda kwa nani kwanza. Kwa hivyo mtu asikudanganye ati mambo ya akili ni ya wazungu na watu wa Karen.

Ongeza hii: Septemba 2023 serikali ilizindua wahamasishaji wa afya ya jamii 100,000 nchi nzima, kila mmoja na begi lake. Ndani kuna mashine ya presha, ya sukari, na simu ya kurekodi. Wanapita nyumba kwa nyumba. Kijiji kizima kinajua ni boma gani limetoka hospitali Nairobi wiki jana.

Sasa swali kwa Gavana Mutula Kilonzo Junior na Gavana Julius Malombe ni la moja kwa moja. Ni nini kinazuia hospitali, mgonjwa akitoka ICU ama akifariki, kutuma jina la kijiji kwa huyo mhamasishaji, aende baada ya mwezi mmoja aulize mambo matatu: mnalala? Mnakula? Kuna mtu hapa ambaye haongei tena? Akipata shida, kuna muuguzi aliyefunzwa kwenye kituo cha afya. Huo mnyororo una pete zote. Zimelala tu kila moja kivyake.

Wewe ufanye nini leo?

Kama uko kwa benchi sasa hivi, ama mtu wako yuko:

1. Usiwe msemaji peke yako. Chagueni wawili. Mmoja akisikiliza daktari, mwingine anaandika. Mkienda kumwambia mathe, mnaenda wote.

2. Omba kikao cha kukaa chini. Sema wazi: "Daktari, tunaomba dakika chache za kuketi na familia, na tunaomba mtueleze kwa Kiswahili." Hiyo ni haki, hujaomba chai.

3. Usikubali kusaini uamuzi mzito ukiwa solo. Piga simu, weka spika, wazee wasikie daktari mwenyewe. Siku ya matanga swali la "nani alisaini" litakuwa limeshajibiwa na kila mtu.

4. Lala kwa zamu. Kukesha siku kumi hakumponyi mgonjwa.

5. Nunua daftari. Andika mstari mmoja kila siku.

Na kama yalishapita lakini bado yako na wewe: hesabu. Imezidi mwezi? Inakuzuia kulala, kazi, ama kurudi nyumbani? Nenda kituo cha afya useme hivyo hivyo, kwamba tangu ICU hujakuwa sawa. Tiba ya maongezi kwa mtaalamu inasaidia PTSD sana, hata kama miaka imepita. Ukikwama usiku, Msalaba Mwekundu wa Kenya wako na laini ya bure, 1199. Ukiona mtu wako anaongea kama amechoka kuishi, usimwache peke yake, piga siku hiyo hiyo.

La mwisho ni letu sisi wenyewe. Wakamba tuko na mwethya tangu kitambo. Shimo la maji likihitaji kuchimbwa, mtaro ukihitaji kulimwa, watu wanatokea na majembe bila kulipwa. Mchango wa hospitali ni mwethya huo huo kwa paybill, na tunaufanya vizuri kuliko wengi. Lakini tunaufunga siku bili inaisha, na hapo ndio kwa watu wa benchi mambo yanaanza.

Kwa hivyo grupu ikifungwa, wewe usifunge. Weka rimainda kwa simu, wiki sita mbele. Siku hiyo usitume doh. Mpigie yule aliyekuwa anapost "mgonjwa anaendelea vizuri". Mpigie mchana, ndio asishtuke. Muulize kama analala, halafu nyamaza umsikilize.